Mkuki Hurushwa Mara Moja: Mafunzo ya Shabaha baina ya Mto Ruiru na Mto Thika

Ruiru na Thika ni miji jirani, lakini mito iliyoipa miji hiyo majina haikutani popote katika nchi kavu. Kwani mto Ruiru, ukishateremka kutoka milima ya Nyandarua, huingia katika mto Athi, ambao mwisho wake ni kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki, ilhali mto Thika, ukishaupokea mto Chania pale mjini penye maporomoko, huelekea Tana na kuishia upande wa Kipini. Nchi iliyo baina ya mito hiyo, inayogawa maji yake namna hiyo, ilikuwa katika karne ya kumi na tisa nchi ya mpakani kwa watu pia. Magharibi, juu ya migongo yenye udongo mwekundu, walikaa Wagikuyu waliolima na kufuga; kusini, nyasi zilipoanzia, Wamasai walichunga ng'ombe wao; na mashariki, ukishaupita mlima Kilimambogo, ilianza nchi ya Wakamba, wawindaji na wafanyabiashara ambao misafara yao ya pembe za ndovu ilifika hadi pwani ya Mombasa. Watu hawa waliuziana, wakaoana, wakanyang'anyana mifugo, na aghalabu mambo hayo yote matatu yaliwapata watu wa kizazi kimoja.

Katika nchi kama hiyo, ambamo mkwe na adui waliweza kuja kwa njia ile ile, kumfundisha kijana silaha ilikuwa kazi ya wazee wenye hekima, wala haikuachiwa bahati. Nataka kuyaeleza mafunzo hayo kwa sababu yamesahauliwa, na yanapokumbukwa hukumbukwa vibaya. Zikitajwa habari za mashujaa wa kale, wengi wetu huona mbele ya macho manyoya ya mbuni, miili iliyopakwa udongo mwekundu na vijana warukao juu kwa mlio wa ngoma, yaani yale waliyoyapenda wapiga picha. Lakini mtu akisoma kwa utulivu yaliyoandikwa na wenyeji na wageni walioyashuhudia maisha hayo, ataona ya kuwa lililothaminiwa kupita nguvu za mikono lilikuwa ni jicho lisilobabaika, na nadhari iliyokazwa juu ya jambo moja hata jambo hilo litimie.

Sababu ya kwanza ya kuthamini shabaha ilikuwa chuma chenyewe. Chuma cha Wagikuyu kilitokana na mchanga mweusi ulioletwa na maji ya mito na ya mvua, mchanga ambao ilibidi uoshwe tena na tena hata mwepesi uchukuliwe na maji na mzito ubaki. Kisha ukatiwa tanurini pamoja na makaa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikavukutwa kwa saa nyingi, hata likapatikana bonge ambalo mhunzi alilifua na kulirudia motoni mara kadha wa kadha kabla halijaanza kupata sura ya chombo. William na Katherine Routledge, waliokaa miongoni mwa Wagikuyu na kuchapisha kitabu chao juu yao mwaka 1910, waliieleza kazi hiyo kwa makini na kwa staha, na mtu akiisoma habari yao huelewa kwa nini mhunzi aliheshimiwa na laana yake ikaogopwa kuliko ya watu wengine. Mkuki uliotoka mikononi mwake, wenye ubapa mrefu mfano wa ile ya Wamasai, haukupatikana bure, ulikuwa mali. Kijana aliyeshika mkuki mmoja, sime iliyo nyembamba penye mpini na pana karibu na ncha, rungu na ngao ya ngozi, alijua ya kuwa akiurusha mkuki akakosa, amejipokonya silaha yake iliyo bora na pengine amemkabidhi adui. Hapakuwa na mkuki wa pili nyuma ya mgongo. Basi mtupo mmoja ulibeba kazi ya mhunzi, mali ya baba, na roho ya mwenye kurusha.

Elimu hiyo ilianza utotoni, na bahati yetu ni kwamba mmoja wa waliolelewa katika migongo iliyo juu ya Ruiru na Thika aliiandika. Jomo Kenyatta, mtu wa Gatundu, alichapisha London mwaka 1938 kitabu chake juu ya maisha ya Wagikuyu, baada ya kusoma elimu ya jamii za watu kwa mwalimu Bronislaw Malinowski. Na humo anaeleza jinsi watoto wa kiume walivyocheza kwa mikuki midogo ya mti na ngao za maganda ya mgomba, kwa pinde na mishale, na kwa makombeo na mawe, wakishindana mbio na mieleka, na jinsi aliye hodari katika michezo hiyo alivyoanza mapema kutazamwa kuwa huenda akawa kiongozi.

Lakini jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini cha malezi hayo halikuhusu silaha hata kidogo. Baba au mlezi aliichanganya mifugo ya makundi mawili au matatu, kisha akamwamrisha mtoto awatoe walio wao. Au alimficha mnyama mmoja au wawili, halafu akamtuma mtoto alikague kundi na kuja kutoa habari. Tukumbuke ya kuwa kuhesabu mifugo kwa tarakimu kulikuwa mwiko, hata mtoto hakuweza kujisitiri nyuma ya idadi. Ilimlazimu amjue kila mnyama kwa rangi yake, kwa mapaja yake, kwa jinsi pembe moja ilivyoinama na nyingine ilivyosimama, ili asimamapo mlangoni mwa zizi wakati wa magharibi, mbuzi wakipita kwa kusongamana na vumbi likitimka, aweze kusema bila kusita kwamba yule dume mweusi mwenye doa kifuani hayupo. Aliyekosekana alijulikana kwa pengo aliloliacha. Mtoto aliyejibu kwa kubahatisha alirudishwa akatazame upya. Miaka mingi kabla hajapewa chuma, mtoto huyo alikuwa amekwisha kufundishwa kutazama. Na aliyefundishwa kutazama hivyo, mkono wake ulipata amri iliyo wazi siku ulipohitaji kulenga.

Ulipofika wakati wa kutahiriwa, palikuwa na siku ambayo jambo hilo lilidhihirishwa mbele ya watu wote. Vijana wa kundi moja walisimamishwa mahali, na ilipotolewa ishara walikimbia mwendo wa maili mbili hivi hata kwenye mti mtakatifu, mugumo, kila mmoja akiwa na mkuki wa mti mkononi. Na aliyetangulia kufika na kuurusha mkuki wake ukapita juu ya mti ule, huyo ndiye aliyekuwa kiongozi na msemaji wa rika lake kwa maisha yake yote. Mtu na autafakari mtihani huo. Mugumo uliokomaa ni mti mpana na mrefu, na kijana aufikiaye ameishiwa pumzi, moyo unamdunda, mikono inamtetemeka, na nyuma yake anasikia vishindo vya miguu ya wenzake. Kama mbio peke yake zingetosha, wazee wangeliweka alama chini na kumtuza aliyeikanyaga kwanza. Kama ni nguvu za mkono peke yake, wangeliwaacha warushe wakiwa wamepumzika. Waliyaunganisha makusudi, ili aonekane yule anayeweza kuikusanya akili yake mahali pamoja mwili ulipokuwa umechafuka. Na kesho yake, mbele ya kisu cha ngariba, kijana yule yule alitakiwa asipepese macho.

Baada ya hapo aliingia katika jeshi la vijana, lakini hakuingia katika shauri la vita. Kenyatta anasema ya kwamba kijana alipanda daraja kutoka baraza la askari wadogo hadi baraza la wakubwa, njama ya ita, baada ya miezi ya mwandamo 82, au misimu ya mvua 12, tangu kutahiriwa. Kijana huwa na nguvu za kupigana hata kabla ya hapo. Kilichosubiriwa katika miezi hiyo 82, kwa rai yangu, ni kukomaa kwa utulivu, kwani baraza la wakubwa ndilo lililoamua njia ya kupita, saa ya kushambulia na saa ya kurudi, na katika misitu iliyoachwa kusudi pembezoni mwa nchi iwe ngome dhidi ya Wamasai, mtu mmoja mwenye pupa aliweza kuwaangamiza wenziwe.

Mashariki ya hapo, kuelekea Kilimambogo na Yatta, ufundi ulikuwa wa namna nyingine, na kwa maoni yangu ulikuwa mkali zaidi. Wakamba hawakuutegemea mkuki. Silaha yao ilikuwa uta na mshale wenye sumu. Sumu yenyewe ilipikwa kwa miti ya msunguti, vipande vyake vikachemshwa kwa muda mrefu hata maji yakawa uji mzito, mweusi, unaonata, ambao ukiingia katika damu huusimamisha moyo. Tukiutwaa mshale mmoja tukautazama kwa karibu, tunaona kila sehemu yake inashuhudia fikira ya aliyeutengeneza. Wano ni jembamba na limenyoshwa kwa subira, kwani lililopinda hata kwa kiasi kisichoonekana huupotosha mshale ukiwa angani. Manyoya yamefungwa nyuma kwa ulinganifu. Chembe haikushikamanishwa na wano moja kwa moja, bali imekaa juu ya kijiti kifupi kinachochomoka, ili mnyama akikimbia na wano likaanguka, chembe na sumu yake zibaki mwilini. Na sumu imefunikwa kwa utepe wa ngozi laini uliozungushwa, ambao mwindaji aliuvua dakika ya mwisho, kwa sababu sumu iliyoachwa wazi hukauka na kupoteza nguvu, na tena humwua mwenye kuibeba akijikwaruza.

Mshale kama huo haurushwi ovyo. Ukigonga pembe au kwato, kazi yote imepotea. Ukipenya nyama, hata sehemu ambayo si ya moyo, sumu humaliza iliyobaki. Kwa hiyo ustadi wa mwindaji wa Kikamba ulikuwa hasa katika kukaribia: kuujua upepo, kukanyaga bila kuvunja kijiti, kungoja mnyama ageuke ubavu, na kuuzuia mkono wakati ambapo moyo unasema sasa. Kisha kuna jambo moja ambalo msomi wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliliangalia kwa makini, nalo ni kwamba mishale ilitiwa alama za wenyewe. Nyama ikipatikana, chembe ilisema ni ya nani. Alama hiyo iliondoa ugomvi wa kugawana, lakini pia iliondoa uongo; aliyekosa hakuweza kudai, na aliyejeruhi vibaya akaacha mnyama ateseke hakuweza kukana. Sijui mafunzo ya shabaha yaliyo bora kuliko kumfanya mtu awajibike kwa kila mshale uliotoka podoni mwake.

Sisi wa pwani hatupaswi kuyaona mambo haya kuwa mageni. Katika Uislamu kulenga mishale kumetiliwa mkazo katika hadithi za Mtume, na wazee wa Lamu wangali na kirumbizi chao, mchezo wa bakora unaochezwa kwa ngoma na zumari, ambamo watu wawili hukabiliana na kila mmoja hutafuta mwanya wa mwenziwe kwa jicho lisilohama. Anayetupa bakora kwa hamaki katika kirumbizi huaibika hata kama ana misuli ya baharia.

Yaliyofuata huko bara ni msiba, na yamekwisha kusimuliwa mara nyingi, hata nitapita haraka. Mtabiri Mugo wa Kibiru alikuwa amewaonya Wagikuyu ya kuwa watakuja wageni wenye fimbo zitemazo moto, pamoja na nyoka wa chuma, na ya kwamba mikuki na mishale haitafaa mbele yao. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na tawi la Thika likafunguliwa mwaka 1913. Ardhi ya kando yake ikapandwa mkonge na kahawa, na wana wa wale waliorusha mikuki juu ya mugumo wakawa vibarua wenye jembe na panga, kipande cha utambulisho kimening'inia shingoni. Katika shamba la Juja, baina ya Ruiru na Thika, Mmarekani William Northrup McMillan alimkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909 aje awinde. Sheria za wanyama wa porini zilikuwa zimekwisha kuwekwa, na maana yake kwa mwenyeji ilikuwa hii: aliyeua kwa bunduki na cheti aliitwa mwindaji, na aliyeua kwa uta wa babaye katika nyika ile ile aliitwa mwizi. Dhuluma hiyo ilifanya zaidi ya kuwanyima watu nyama. Ilikata mnyororo wa kufundishana, kwani kazi ifanywayo kwa kujificha haina wakati wa kumrudisha mwanafunzi aanze upya.

Hata hivyo elimu ya kulenga haikufa, ilibadili chombo. Wakamba waliingia kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, na maofisa wakawasifu kuwa askari hodari bila kujiuliza ni nani aliyewafundisha kutulia. Tena katika vita vya kudai ardhi na uhuru, tangu mwaka 1952, wapiganaji wa msituni walitengeneza bunduki zao wenyewe kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira iliyokatwa ya magurudumu. Bunduki hizo zilipiga risasi moja, na risasi zenyewe zilikuwa adimu kuliko chakula. Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza kabla ya kuwaongoza watu wa Mlima Kenya, na alijua tofauti ya jeshi lenye masanduku ya risasi na jeshi ambalo kila mtu ana yake moja. Mpiganaji mwenye bunduki ya komeo alilazimika kukaribia, kungoja, na kuuzuia mkono, sawasawa na mwindaji wa Yatta. Hali ya babu yake, mwenye mkuki mmoja, ilikuwa imemrudia.

Mugumo mmoja ulisimama Thika, nao ndio uliohusishwa na utabiri wa Mugo wa Kibiru, kwamba siku utakapoanguka utawala wa wageni utakuwa umekwisha. Inasimuliwa ya kuwa serikali ya kikoloni iliuzungushia chuma ili usianguke, na ya kuwa ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru wenyewe. Mahali pake pangali panaitwa Mugumo Gardens. Wapitao wengi huikumbuka habari ya utabiri, na ni haki yao. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba mti wa aina hiyo ndio uliokuwa kipimo cha mkono na akili ya kijana.

Siku hizi Ruiru kuna chuo cha kufundishia askari wa magereza, na katika kumbi za miji yote miwili vijana, wavulana kwa wasichana, hujifunza karate na taekwondo jioni baada ya shule na kazi. Nawasifu kwa moyo wote. Karate ilitoka Okinawa, na Gichin Funakoshi aliionyesha Tokyo mwaka 1922. Imekuja kwetu na taratibu nzuri sana, za kurudia pigo moja mara nyingi hata lisiwe na mwendo wa ziada, na za kumnyamazisha mwanafunzi kabla hajaanza. Ninachowasihi walimu wa kumbi hizo ni wasimwache kijana wa Thika aamini ya kuwa utulivu huo umeletwa kwa meli kutoka Asia. Mwambieni habari ya mtoto aliyesimama mlangoni mwa zizi, na ya mkuki uliopita juu ya mugumo, na ya mshale wenye alama ya mwenyewe. Kisha mwacheni aendelee na mazoezi yake, naye ataona kwamba mwalimu wa Okinawa na mzee wa Gatundu walikuwa wakimwambia jambo moja.

Na wewe msomaji, ikiwa katika nyumba ya babu yako, iwe Gatundu au Mang'u, iwe Kilimambogo au Yatta, kungali na mkuki uliochomekwa darini au podo lililotundikwa ukutani, usiharakishe kumpa mchuuzi wa vitu vya kale. Mwulize kwanza aliye mkubwa katika ukoo ni nani aliyeutumia na ni nani aliyemfundisha. Andika jina na mahali, na kama chembe ya mshale ina alama, ichore kwenye karatasi hiyo hiyo. Tena ishike kwa tahadhari, usiifungue ile ngozi, maana sumu ya msunguti hudumu.